Mwanagenzi wa ofisini naye ni mwanafunzi wenu: barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vikuu

Kwa: Makamu Wakuu wa Vyuo, Wasajili, Wakurugenzi wa Rasilimali Watu na Wakuu wa Idara

YAH: MUDA WA KUWAFUNDISHA WANAGENZI WA UTAWALA

Waheshimiwa,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mwanagenzi wa utawala katika chuo kikuu. Wengi wenu hamtujui, kwa hiyo nianze kwa kueleza sisi ni nani. Si wanafunzi wa shahada. Si waajiriwa kamili. Wala si wale vijana wa mafunzo kwa vitendo wanaokaa wiki chache, wakagongewa fomu zao muhuri, wakaenda zao. Mwanagenzi ana mkataba wa muda mrefu na chuo: siku nyingi za wiki yuko ofisini anafanya kazi, siku nyingine yuko darasani, na mwisho anafanya mtihani wa kupata cheti kinachotambulika. Mimi nimeahidi kufanya kazi huku nikijifunza. Chuo kimeahidi kunifundisha huku kikinitumia. Upande wa kunitumia unakwenda vizuri sana.

Ombi langu ni moja: msimamizi wa mwanagenzi apewe saa za kufundisha, na saa hizo ziandikwe kwenye mgawanyo wake wa majukumu, zihesabiwe kama zinavyohesabiwa kazi zake nyingine. Najua wenzangu wana madai mengine. Wapo wanaodai posho, wapo wanaotaka kujua kama kuna ajira baada ya cheti, na wote wana haki. Lakini nimekaa ofisini muda wa kutosha kuona kwamba kero zetu nyingi, ukizifuata hadi mzizi, zinakutana hapa: hakuna mtu aliyepewa muda wa kutufundisha.

Msimamizi wangu si mtu mbaya, na sitaki barua hii isomwe kama mashtaka dhidi yake. Ni afisa mwenye kazi za watu wawili. Siku nilipopelekwa ofisini kwake aliambiwa, "Haya, umepata msaidizi." Hakuna aliyemwambia kwamba amepata mwanafunzi. Karani aliyekuwa akikaa kwenye meza yangu alikuwa amestaafu na nafasi yake haikujazwa, hivyo kabla hata sijajua choo kiko wapi, palikuwa na trei iliyojaa makaratasi ikinisubiri. Tangu hapo ananifundisha akiwa amesimama, mkono mmoja kwenye simu, kati ya mwanafunzi mmoja na mwingine pale kaunta. Anayoniambia ni "bonyeza hapa", "weka saini hapa", "peleka kule". Hana nafasi ya kusema zaidi.

Labda mtasema: kwani kazi ya ofisi ina nini cha kufundishwa? Nimewahi kuulizwa hivyo na mhadhiri, tena bila dharau yoyote; alidhani kwa dhati kwamba kazi yetu ni kupiga mihuri. Naomba basi nieleze kwa mifano, kwa sababu nadhani tatizo lote linaanzia katika dhana hiyo.

Mwanafunzi anakuja kaunta anataka kuahirisha masomo. Fomu yenyewe ni ukurasa mmoja, na kuijaza hakuhitaji akili nyingi. Ila nyuma yake kuna mambo chungu nzima. Ada aliyokwisha kulipa itahamishiwa mwaka ujao, au sehemu yake imepotea? Anayemfadhili ataendelea kumfadhili, au ufadhili utakoma siku jina lake linapotoka kwenye orodha ya waliosajiliwa? Chumba chake bwenini je? Kama ametoka nchi nyingine, kibali chake cha kukaa mara nyingi kinategemea usajili huohuo anaotaka kuusimamisha. Halafu kuna tarehe: akiahirisha kabla yake, masomo yanafutwa bila alama, akichelewa, anaweza kuhesabiwa kuwa amefeli. Tena kuna suala la mamlaka, yaani nani hasa anaridhia, mkuu wa idara, mkuu wa kitivo au Seneti. Mimi nilionyeshwa mahali pa kugonga muhuri na trei ya kuwekea fomu. Yule kijana aliponiuliza juu ya chumba chake nilimwelekeza ofisi nyingine, na huko nadhani walimwelekeza nyingine.

Au chukueni kumbukumbu za vikao. Kazi ya kuandika muhtasari wa kikao hupewa mtu wa chini kabisa chumbani, na mara nyingi mtu huyo ni mwanagenzi. Anapewa daftari, anaambiwa "andika". Lakini andika nini? Mwandishi mzuri wa kumbukumbu haandiki kila kilichosemwa. Anaandika kilichoamuliwa, kwa msingi wa kanuni ipi, nani atatekeleza na lini. Katika bodi ya mitihani jambo hili ni zito, kwa sababu mwanafunzi akikata rufaa miezi baadaye, ushahidi kwamba bodi ilizingatia ugonjwa wake au msiba wake ni mistari michache iliyo kwenye kumbukumbu zile. Kama haimo, ni kana kwamba haikujadiliwa. Huo ni ufundi kamili, na wapo kwenye vyuo vyenu watu wanaoujua mno. Niliwahi kumwona mmoja akigeuza mabishano marefu kuwa sentensi tatu ambazo kila mjumbe alizikubali. Nilitamani aketi nami aniambie amefanyaje. Alikuwa na kikao kingine.

Kuna jambo jingine ambalo halimo kwenye mwongozo wowote, nalo ni sababu. Kanuni nyingi za chuo zilizaliwa na mkasa fulani. Marekebisho ya alama yanataka saini mbili ili pasiwe na mtu mmoja anayeweza kuibadilisha alama peke yake. Karatasi za mitihani hubeba namba badala ya jina ili msahihishaji asijue anamsahihisha nani. Mwanagenzi akiambiwa sababu, anailinda kanuni hata siku ambayo hakuna anayemtazama. Asipoambiwa, anaona ni usumbufu tu, na siku foleni ikiwa ndefu ataiomba saini ya pili kwa simu na kuendelea. Sababu hizo ziko vichwani mwa watu wanaokaribia kustaafu, na mnajua wenyewe kuwa mtu akishaagwa kwa keki na hotuba, anaondoka nazo.

Sasa niseme kuhusu nywila, ingawa najua itawaudhi baadhi. Wanagenzi wengi niliozungumza nao, katika ofisi mbalimbali, wanaingia kwenye mfumo wa taarifa za wanafunzi kwa akaunti ya msimamizi. Si kwa hila. Kumwombea mwanagenzi akaunti yake kunahitaji mtu aketi, ajaze ombi, aamue mwanagenzi huyu aone nini na asione nini, kisha alifuatilie ombi hilo hadi lijibiwe. Kazi hiyo ni ya saa moja au mbili, na saa hizo hazipo. Kwa hiyo msimamizi anaandika nywila kwenye kikaratasi. Matokeo yake ni kwamba mfumo, ambao kazi yake mojawapo ni kuhifadhi nani alifanya nini na saa ngapi, unaandika jina la mtu mwingine. Siku alama ikibadilika isivyo halali, aliyeibadilisha hatajulikana, na asiyehusika anaweza kulipa. Tena kupitia akaunti hiyo mwanagenzi wa miezi michache anaona kila kitu: vyeti vya daktari, adhabu za nidhamu, madeni ya ada, barua za wazazi. Nchi za Umoja wa Ulaya zina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, GDPR, iliyoanza kutumika Mei 2018, na moja ya misingi yake ni kwamba taarifa za mtu zitumike kwa kadiri ya hitaji tu. Sidhani kama tunahitaji sheria kutoka mbali kutuambia kwamba kijana aliyekuja kujifunza kupanga ratiba hana haja ya kujua nani alilazwa hospitali na kwa nini.

Waheshimiwa, kinachonishangaza ni kwamba jambo ninaloliomba mnalifanya tayari. Mnalifanya kila siku, ghorofa mbili juu ya ofisi yangu. Mwanafunzi wa uzamivu ana msimamizi. Msimamizi huyo anahesabiwa kuwa na mwanafunzi. Akiwa nao wengi mno, anakataa wengine, na idara inamwelewa. Wanakutana, wanaandika walichokubaliana, kuna ripoti ya maendeleo. Mwanafunzi wa udaktari naye hafundishwi kutibu kwa kuachiwa wodi. Hakuna taasisi inayojua vizuri kuliko chuo kikuu kwamba kufundisha ni kazi na inakula muda. Lakini ujuzi huo unaishia kwenye mlango wa masijala.

Na asili yenu ni hiyohiyo. Chuo Kikuu cha Paris kilikua mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa karne ya 13 kama chama cha walimu, na kile cha Bologna kiliendeshwa na vyama vya wanafunzi, kwa mtindo uleule wa vyama vya mafundi wa miji ya wakati ule. Mtu alianza akiwa mwanafunzi chini ya bwana wake, akapanda ngazi, na mwisho akakubaliwa naye kuwa bwana mwenye ruhusa ya kufundisha. Shahada mnazozitoa kwenye mahafali, kwa majoho na kofia, zimetokana na utaratibu wa uanagenzi. Kwa hiyo siwaletei jambo la kigeni.

Wengine wameliweka katika sheria. Nchini Ujerumani, sheria ya mafunzo ya kazi ya mwaka 1969, pamoja na marekebisho yake, inataka mwanagenzi apewe zile kazi tu zinazotumikia lengo la mafunzo. Anayemfundisha anatakiwa awe na sifa mbili: aijue kazi yenyewe, na ajue namna ya kuifundisha. Kazi ya ofisi huko ina utaratibu wake wa mafunzo wa miaka 3, unaotumika tangu Agosti 2014, unaoonyesha ujuzi gani ufundishwe katika kipindi gani, na vyuo vikuu ni miongoni mwa waajiri wanaoufuata. Hata kitabu cha kumbukumbu za mafunzo kimetajwa: mwajiri ampe mwanagenzi nafasi ya kukiandika akiwa kazini, na akikague mara kwa mara. Changu mimi husainiwa kurasa nyingi kwa mpigo, siku moja kabla mkaguzi hajaja. Msimamizi husaini bila kusoma. Angesoma saa ngapi?

Uingereza wamekwenda kwa njia ya fedha. Tangu Aprili 2017 mwajiri ambaye jumla ya mishahara anayolipa inazidi pauni milioni 3 kwa mwaka hutozwa asilimia 0.5 kwa ajili ya uanagenzi, na kwa ukubwa wao vyuo vikuu vingi vimo ndani ya kundi hilo. Ni mpango wenye faida zake, lakini tazameni pengo lake: fedha hizo hulipia mafunzo na mtihani, hazilipii mshahara wa mwanagenzi wala muda wa mtu anayemwelekeza ofisini. Yaani hata pale ambapo fedha imetengwa, saa za msimamizi zimeachwa kwa hisani ya mwajiri. Ndiyo maana naandika kwenu nyinyi na si kwa wizara. Kiungo hiki kinakosekana mahali ambapo nyinyi tu mnaweza kukiweka.

Juni 2023 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Pendekezo Na. 208 kuhusu uanagenzi bora. Si mkataba unaomfunga mtu, na sitawatisha nalo. Ila linaeleza uanagenzi ni nini: mafunzo yenye mkataba, yenye mpangilio, yenye malipo, yanayochanganya kujifunza kazini na nje ya kazi, na yanayoishia kwenye sifa inayotambulika. Kwetu mkataba upo. Malipo yapo, hata kama ni kidogo. Darasa lipo, cheti kipo. Mpangilio ndio sijauona.

Najua jibu lenu la kwanza: hatuna watu. Mnasema kweli. Ofisi za utawala zimepunguziwa wafanyakazi huku idadi ya wanafunzi ikipanda, na kila mfumo mpya wa kompyuta unaoletwa kutupunguzia kazi huja na kazi yake. Lakini msilitumie jibu hilo kabla ya kufanya hesabu ya upande wa pili. Barua iliyoandikwa vibaya inarudi. Jalada lililopewa namba isiyo yake linatafutwa na watu watatu. Mwanafunzi aliyejibiwa nusu kaunta kwangu anarudi kesho, na keshokutwa anakuja na mzazi. Muda huo wote unatoka kwa msimamizi huyohuyo ambaye hakuwa na saa ya kunifundisha, ila hautokei kwenye jedwali lolote. Ningependa mtu wa mipango auhesabu siku moja.

Jibu la pili ni msimu. Mtasema hakuna anayeweza kufundisha wakati wa usajili, wakati matokeo yanatoka, au wiki ya mahafali wakati majoho hayatoshi na majina kwenye kitabu yamekosewa. Hapa naomba tuelewane, maana wenzangu wengine wanataka wanagenzi waondolewe kwenye foleni za msimu. Mimi sikubaliani nao. Baharia hajui bahari kwa siku za shwari tu. Wiki ya usajili ndiyo darasa kubwa kuliko yote katika mwaka wa chuo: kila kanuni inajaribiwa, kila hali ya pekee isiyoingia kwenye kanuni inajitokeza, na mtu anaona jinsi udahili, fedha, mabweni na vitivo vinavyotegemeana. Tuacheni kwenye foleni. Tunachokikosa ni saa ya baadaye, foleni ikishaisha, ya kuketi na msimamizi na kuuliza: yule uliyemkubalia fomu yake ingawa amechelewa, ulimkubalia kwa kifungu gani? Na yule mwingine ulimkatalia kwa nini? Saa hiyo haipatikani kwa sababu siku foleni inapoisha msimamizi anageukia kazi zilizolala wiki nzima.

Msimu huo pia ndio unaokula siku yetu ya darasa. "Wiki hii tusaidie, utafidia." Hakuna anayefidia. England waliwahi kuweka, mwaka 2022, kima cha chini cha saa 6 kwa wiki za kujifunza nje ya kazi za kawaida, ndani ya saa zinazolipwa, kwa mwanagenzi wa muda kamili. Idadi yenyewe mnaweza kubishana nayo. Kanuni iliyo nyuma yake ni ngumu kuipinga: muda wa kujifunza ni sehemu ya kazi, hauombwi kila wiki kama ruhusa ya kwenda msibani.

Kwa hiyo naomba nini hasa. Kwenye mgawanyo wa majukumu wa mwaka ujao wa masomo, kila afisa mwenye mwanagenzi awe na mstari wa kumfundisha, wenye idadi ya saa kwa wiki, na kazi yenye ukubwa huohuo ihamishwe au iachwe. Hiyo ya pili ni muhimu kuliko ya kwanza. Mstari unaoongezwa bila kuondoa kitu ni mzigo mwingine, na msimamizi atanichukia kwa haki. Chuo cha ualimu mnacho, au angalau kitivo cha elimu. Siku mbili za kuwafundisha wasimamizi namna ya kumwelekeza mtu mzima kazini hazitawashinda. Pia asiachiwe mwanagenzi mmoja meza moja hadi mwisho wa mkataba. Nizungusheni: masijala, udahili, fedha, mitihani, ofisi ya kitivo. Leo najua kupokea hati ya malipo na kuipeleka idara ya fedha, lakini sijui inakataliwa kwa sababu gani, kwa kuwa sijawahi kuketi upande ule wa meza. Na akaunti ya mfumo, kila mwanagenzi awe na yake, yenye mipaka yake, tangu wiki ya kwanza.

Kuhusu nafasi ya karani aliyestaafu: ijazeni. Nikiwa mimi ndiye niliyeijaza, basi semeni hivyo, mnilipe mshahara wa karani, na msiniite mwanagenzi.

Mgawanyo wa majukumu hupelekwa kwa wakuu wa vitivo kabla ya muhula kufunguliwa, na rasimu yake huandaliwa mapema zaidi ya hapo. Fomu ya wahadhiri ina safu ya ufundishaji, ya utafiti na ya huduma. Ya maafisa wa utawala, pale ilipo, ina majina ya kazi tu bila saa. Rasimu ingali mikononi mwenu. Naomba jibu la maandishi kabla haijatoka.

Wenu mtiifu,

Mwanagenzi wa utawala, ofisi ya usajili

Nakala: Wasimamizi wa wanagenzi, idara zote
Jalada